Kwa nini taa ya pikipiki ya zamani huwa ya njano hata ukiweka betri mpya?

Muulize mtu yeyote anayefuga pikipiki ya Kiingereza ya miaka ya 1950, iwe BSA, Triumph au Norton, kwa nini taa yake ya mbele inawaka kama kibatari, atakujibu kabla hujamaliza swali: hiyo ni mfumo wa volti 6, ni dhaifu, hamisha iwe 12 uone mwanga. Mimi nililitoa hilo jibu kwa watu miaka mingi na nililiamini kabisa, mpaka siku nilipofumua nyaya zote za BSA A10, ile ya silinda mbili cc 650 iliyokuwa inatengenezwa Birmingham, nikaanza kupima kipande kwa kipande. Kumbe volti 6 ilikuwa inasingiziwa.

Tuanze hapo hapo kwenye singizio, manake ndo panapopoteza watu pesa nyingi.

Balbu ya mbele ya pikipiki kama hii kwa kawaida ni wati 30. Wati 30 ya volti 6 na wati 30 ya volti 12 zinakula umeme uleule na zinatoa mwanga unaokaribiana sana, na uzi wa ile ya volti 6 ndo mnene zaidi kwa hiyo unavumilia mtikisiko vizuri. Kwenye balbu yenyewe hakuna udhaifu wowote. Ukichukua betri nzuri ya volti 6 ukaiunganisha mezani moja kwa moja na balbu yake kwa waya mfupi mnene utapata mwanga mweupe wa kushangaza, na mtu ambaye amezoea kuiona ikiwa ya njano barabarani atakuuliza umeweka balbu gani. Nilifanya hivyo mara ya kwanza usiku kwenye benchi ya karakana, nikakaa naitazama tu, nikitafakari zile betri mbili nilizokuwa nimenunua mwaka mmoja nikidhani betri ndo mbovu.

Sasa kama balbu ni nzima na betri ni nzima, mwanga unapotelea wapi? Njiani. Na hapa volti 6 inaingia kwenye kesi, ila sio kwa kosa ambalo watu wanaishtakia.

Fikiria una kilo 60 za sukari za kuhamisha kutoka lori mpaka dukani, na katikati pana mlango mwembamba. Volti ni ule mzigo anaobeba kila mchukuzi. Mfumo wa volti 6 ni kama kila mtu abebe kilo 6, kwa hiyo unahitaji wachukuzi 10. Mfumo wa volti 12 kila mtu anabeba kilo 12, wanatosha 5. Sukari inayofika ni ileile, tofauti ni idadi ya watu wanaopita mlangoni, na idadi hiyo ndo mkondo, ndo ampea. Mlango ukiwa mpana hakuna shida yoyote, wapite kumi wapite watano. Lakini mlango ukiwa mwembamba wanabanana, na kadiri wanavyobanana ndivyo kila mmoja anavyomwaga. Tuseme wakipita kumi kila mtu anamwaga kilo moja: umepoteza kilo 10 kati ya 60. Wakipita watano msongamano ni nusu, kila mtu anamwaga nusu kilo, na watu wenyewe ni nusu, kwa hiyo umepoteza kilo 2 na nusu tu. Robo ya hasara ya kwanza, kwa mlango uleule mbovu ambao hujaugusa!

Nadhani umeshaona linakoelekea. Mtu akihamisha pikipiki yake kwenda volti 12 taa inang'aa kweli, hadanganyi, alafu anaondoka anaamini volti 6 ilikuwa dhaifu, kumbe alichofanya ni kupunguza wachukuzi na mlango mbovu bado upo palepale. Ugonjwa umefichwa. Baada ya misimu kadhaa ya mvua mlango unazidi kubana, na taa inaanza tena kuwa ya njano hata kwenye volti 12.

Ule mlango uko wapi? Jibu la pili ambalo kila mtu analo ni waya. Nakumbuka mzee mmoja fundi umeme wa magari aliinama akaangalia zile nyaya zilizozungushiwa uzi wa pamba, akazibonyeza kwa kidole, akaniambia, "Mwanangu, hizi nyaya zimechoka." Nikamwitikia, "Kweli mzee," na siku ileile nikaenda kununua waya. Nyaya zilihitaji kubadilishwa, hilo mzee alikuwa sahihi, mpira wa ndani ulikuwa umekauka unavunjika kama gome la mti na hapo shoti ni suala la muda tu. Ila shaba yenyewe haichoki. Waya wa shaba wa milimita mraba 1 una ukinzani wa kama omu 0.017 kwa kila mita, kwa hiyo hata upitishe ampea 5 kwa mita mbili unapoteza volti 0.17 tu. Hiyo haiwezi kugeuza taa kuwa kibatari. Shaba inaharibika pale ganda lilipopasuka maji yakaingia, nyuzi zinakuwa za kijani au nyeusi, na hiyo inatokea zaidi kwenye ncha, kwenye maungio na kwenye swichi.

Na bado hatujafika kwenye mlango mkubwa.

Watu tukifikiria umeme wa pikipiki tunafikiria safari ya kwenda: betri, swichi, waya, balbu, basi. Lakini umeme ni kama mnyororo wa baiskeli. Upande wa juu ndo unaonekana unavuta, ila upande wa chini usiporudi hakuna kinachozunguka, na ukikwama mahali kwenye upande wa chini pedali inakuwa nzito vilevile. Safari ya kurudi kwenye pikipiki hizi haina waya. Inapita kwenye chuma cha pikipiki yenyewe, ndo ile tunaita eathi.

Hebu ifuate hiyo njia taratibu. Umeme ukitoka kwenye balbu unaingia kwenye gamba la taa. Gamba limefungwa kwa bolti kwenye mabano ya shokapu za mbele, ambayo yamepakwa rangi, na rangi haipitishi umeme. Kutoka kwenye shokapu unatakiwa uvuke kwenda kwenye fremu, na sehemu pekee ambapo shokapu zinaungana na fremu ni shingo ya usukani. Na shingo imekaa juu ya gololi! Gololi ndogo za chuma, zimezama kwenye grisi, kila moja inagusa kikombe chake kwa kinukta kidogo sana. Umeme wote wa taa, ampea 5 nzima, unarudi nyumbani kwa kupenya vinukta hivyo katikati ya grisi, alafu unashuka kwenye fremu yenye rangi, unatafuta bolti yenye kutu iliyoshika waya wa betri.

Nilipoielewa hii nilifurahi sana, manake ilieleza vitu ambavyo nilikuwa naviona kila siku. Kwa nini taa inacheza ukipita kwenye matuta. Kwa nini hata ukiwa umesimama nyumbani, mwanga unabadilika ukigeuza usukani. Na kwa nini watu wengi wanasema taa ilikuwa nzuri mpaka walipopaka pikipiki rangi upya: fundi rangi kaifanya kazi yake vizuri, kila mahali chuma kilipokuwa kinagusana na chuma sasa kuna rangi katikati. (Wapo wanaosema pia huo mkondo ndo unachimba vile vishimo kwenye vikombe vya gololi. Hapo ningekwenda polepole, vishimo vile vinaelezeka vizuri tu kwa mapigo ya barabara na shingo iliyolegea.)

Kuthibitisha ni rahisi na ndo kipimo ningependa kila mwenye pikipiki kuukuu akijue. Weka testa kwenye volti za DC, washa taa, LAZIMA iwe inawaka, kwa sababu bila mkondo hakuna msongamano na mita itakudanganya kuwa kila kitu kizuri. Ncha moja iweke kwenye nguzo ya betri iliyoungwa na fremu, kwenye risasi ya nguzo yenyewe sio kwenye kibanio cha waya. Ncha nyingine iguse kifuniko cha chuma cha balbu. Namba unayoisoma ni volti zilizoibiwa upande wa kurudi. Alafu fanya hivyo upande wa pili, kutoka nguzo nyingine ya betri mpaka ncha ya balbu.

Yangu ilisoma 0.9 upande wa eathi na 0.3 upande wa waya na swichi. Betri ilikuwa inatoa 6.2, balbu inapata 5.0. Unaweza kusema sasa volti moja ni kitu gani, ila balbu ya uzi haipungui mwanga sawasawa na volti, inaanguka kwa kasi zaidi. Ukiipa volti 5 balbu ya volti 6 unabaki na kama nusu ya mwanga wake, na uzi usipopata joto la kutosha ndo unatoa ule unjano.

Kwa hiyo nilichokifanya kabla ya nyaya mpya kilikuwa waya mmoja tu. Milimita mraba 2, kutoka ndani ya gamba la taa, unashuka kando ya shingo ukiwa na ulegevu wa kutosha usukani kugeuka mwisho kwa mwisho, mpaka kwenye nguzo ya betri moja kwa moja. Upande wa eathi ukashuka kutoka 0.9 hadi 0.05. Taa ikawa nyeupe, volti 6 ileile, dainamo ileile ya Lucas ya wati 60.

Nyaya mpya zilifuata baadaye na hapo sitakaa sana. Weka eathi za waya kwa taa ya mbele, ya nyuma na honi, zote zikutane sehemu moja. Weka fyuzi karibu kabisa na betri. Taa kubwa ipitishe kwenye rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa kwa amri ya swichi ya kawaida, ili swichi ya zaidi ya miaka 60 isibebe mzigo wote, na hakikisha rilei ni ya volti 6. Kuhusu ncha za waya, kubana kwa koleo au kuchomea risasi, mafundi watabishana mpaka asubuhi: risasi inafanya waya uwe mgumu na unaweza kukatikia pale ugumu unapoishia kwa sababu ya mtikisiko, lakini nimeona nyingi zilizochomewa vizuri na kushikizwa vizuri zimedumu.

Kitu kinachofanya watu waachie huu mfumo uoze ni kwamba A10 inapata cheche za injini kutoka kwenye magneto, kifaa kinachozungushwa na injini na kujizalishia umeme wake, haitegemei betri kabisa. Betri inaweza kufa, nyaya zikaoza zote, injini inaunguruma vizuri tu, mpaka giza likukute njiani.

Na kama bado unataka volti 12 kuna sababu nzuri ya kwenda huko, balbu na betri zake zinapatikana kila duka, na hata dainamo ya zamani inaweza kutoa 12 ukiiwekea rigyuleta ya kielektroniki, kile kifaa kinachodhibiti volti za kuchaji, ila itabidi izunguke kwa kasi zaidi ndipo ianze kuchaji. Ukiweka taa ya LED wachukuzi wanapungua zaidi, lakini angalia kitu kimoja kabla hujaiunga: pikipiki nyingi za Kiingereza za enzi hizo zina nguzo chanya ya betri iliyoungwa kwenye fremu, kinyume na tulivyozoea. Balbu ya uzi haijali, inawaka vyovyote. LED iliyotengenezwa kwa fremu hasi itakaa kimya au itaungua, na rigyuleta pia. Nimebandika kipande cha tepu nyekundu kwenye waya ule wa milimita 2 pale unapokutana na betri, mtu mwingine akifungua kiti asije akaugeuza.