Zahanati haina dawa? Usianze na mbunge

Wengi hapa Kenya huamini mpiga kura mwenye ufahamu ni yule mwenye digrii. Si kweli. Nimewasikia wasomi wakimlaumu mbunge eti zahanati ya kijiji haina dawa, na muuza mboga akawajibu, "Hiyo ni ya gavana, jamani."

Alikuwa sahihi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti zahanati, chekechea, masoko na barabara za kaunti. Shule za msingi, sekondari na polisi zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Mbunge hutunga sheria na kuichunguza serikali hiyo. Gavana huchunguzwa na wawakilishi wa wadi, MCA, ambao wengi wetu huwatafuta tu tukiwa na harambee au matanga. Mkanganyiko, kwa kiasi kikubwa, unaletwa na NG-CDF, hazina ya maeneo bunge: mbunge akizindua darasa leo, kesho watu wanamdai hospitali pia.

Siku ya uchaguzi mkuu unapewa karatasi sita, kuanzia ya rais hadi ya MCA. Asiyejua kusoma anaruhusiwa kusaidiwa na mtu amwaminiye, anayekula kiapo cha kutunza siri. Kwa hiyo herufi si kizuizi. Kazi ni kujua kila karatasi inaajiri nani, na kaunti imetenga shilingi ngapi za dawa. Swali hilo la pili huulizwa kwenye vikao vya ushiriki wa umma kuhusu bajeti, na kuingia hakuhitaji cheti.