Ubabe wa nchi hulipwa na walio mpakani

Nimeisikia tena, safari hii hapa hapa Mtwara, kutoka kwa kijana aliyesoma hadi shahada: nchi ikiwafanyia majirani ubabe itaogopwa, na ikiogopwa wananchi wake watalala salama na mifuko itajaa. Akaongeza kuwa Oktoba 2020, magaidi wa kaskazini mwa Msumbiji walipovuka mto Ruvuma na kushambulia Kitaya, kijiji chetu cha mpakani, tulipaswa kuingia Msumbiji bila kumuuliza mtu. Nafundisha siasa za kimataifa, na hoja hii haikosi darasani. Ikisemwa na mtu wa Dar es Salaam naivumilia. Ikisemwa na mzaliwa wa Mtwara inaniuma, maana mkoa huu unajua bei yake.

Mfano wa karibuni ni Urusi, sitaukalia sana. Ilivamia Ukraine Februari 2022, na miongoni mwa sababu ilizotoa ni kuuzuia muungano wa kijeshi wa NATO usisogee. Finland ikajiunga na NATO Aprili 2023, Sweden Machi 2024, na mpaka kati ya Urusi na NATO ukaongezeka kwa zaidi ya kilomita 1,300. Akiba ya Urusi ya fedha za kigeni, takriban dola bilioni 300, ikazuiwa nje. Uchumi wake haukuanguka kama wengi walivyotabiri, kwa kuwa viwanda vya silaha navyo huajiri, lakini usalama uliokuwa ukitafutwa haukupatikana.

Kinachonikera zaidi ni lile jibu la haraka: "Mbona Nyerere?" Yaani, mbona yeye aliwasaidia wapiganaji dhidi ya Wareno waliokuwa wakiitawala Msumbiji? Hapa naomba tukae. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, vita vikaanza Septemba 1964, na kambi yake kubwa ya mafunzo ikawa Nachingwea. Kuwasaidia lilikuwa jambo la haki, na kuunga mkono watu wanaodai nchi yao si sawa na kumwonea jirani. Lakini haki nayo ina gharama, na gharama hiyo haikugawanywa sawa nchi nzima. Wareno walijibu kwa ndege na kwa mabomu ya kutegwa ardhini kando ya Ruvuma. Kusini ikawa eneo la vita, na mwenye mtaji hapeleki kiwanda kwenye eneo la vita.

Hata hivyo, wapo wanaovibebesha vita vile kila kilichotukwama, na hao pia wananichosha. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa mwaka 1951, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla risasi ya kwanza haijalia. Korosho zilishuka kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980 kwa sababu wakulima walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ikawa mbovu, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, miaka 28 baada ya Msumbiji kupata uhuru. Sasa, katika kuchelewa kwetu, vita vilichangia kiasi gani? Hakuna anayeweza kukitenga kiasi hicho, na anayekupa asilimia kamili ameibuni.

Kagera nako watu huchanganya. Amin wa Uganda ndiye aliyevamia, Oktoba 1978, na kumtoa kulikuwa kujilinda. Kwenda hadi Kampala ulikuwa uamuzi mwingine. Wananchi tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, na waliopanga foleni za sabuni na sukari wanajua kama iliishia 18. Mafuta yalikuwa yamepanda na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, kwa hiyo lawama si ya vita peke yake. Lakini hata ushindi wa haki ulituacha na deni.

Turudi kwa kijana wangu. Tungevuka peke yetu, kisasi kingemkuta nani? Kingewakuta watu wa mpakani, Kitaya na Kilambo, si Dodoma. Tuliingia, ndiyo, mwaka 2021, ndani ya kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na kwa ridhaa ya Msumbiji. Kinachonisumbua ni Rwanda: ilipeleka askari Julai mwaka huo, nayo kwa kuitwa, na Agosti Mocímboa da Praia, mji wa Msumbiji uliokuwa mikononi mwa waasi hao, ikakombolewa. Nguvu ilifanya kwa wiki chache kilichoshindwa kufanywa na mikutano ya miezi mingi. Sina jibu safi kwa hilo. Naona tu kwamba waliitwa, na kwamba waasi hawajaisha.

Kuhusu mifuko kujaa, nenda Kilambo. Utamkuta mama na magunia ya vitunguu na madumu ya mafuta ya kula anasubiri kuvuka. Ng'ambo atauza kwa metikali, arudi kuzibadilisha, alipe kikoba. Mpaka ukifungwa wiki mbili, vitunguu vinaota, mtaji unageuka deni, na kikoba hakimuulizi nani alimchokoza nani.

Bandari yetu nayo inawategemea majirani. Ushoroba wa Mtwara ni makubaliano ya mwaka 2004 kati ya Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia. Aprili 2025 tulipiga marufuku mazao ya Malawi na Afrika Kusini kujibu vikwazo vyao, na siku chache baadaye tukaliondoa katazo ili mazungumzo yaendelee. Lile nalitetea kwa sababu lilikuwa na shabaha moja na lilikoma mapema. Lingedumu mwaka mzima, mwenye shehena wa Lilongwe angekumbuka kwamba bandari za Msumbiji, Nacala na Beira, zipo, na kuli wa hapa Mtwara angebaki na makaa ya mawe na saruji mpaka korosho za Oktoba.