Kusubu chubwi Lamu: risasi haitaki maji

Ukisema unasubu risasi, watu hugeuka kukutazama. Ile ya bunduki ina leseni na sheria zake, siigusi. Hapa nasema risasi ya mshipi, yaani chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi wa kuvulia samaki, na kwa sisi wa visiwani kinachoharibu kazi hii mara nyingi si moto, ni maji.

Kwanza mali yenyewe. Risasi ya chubwi iwe laini: ukucha uache alama, na ikianguka sakafuni itoe kishindo kizito, isilie kama sarafu. Mabomba ya kale, maganda ya risasi ya nyaya nene za umeme, chubwi za nyavu zilizochakaa, zote zafaa. Vizani vya magurudumu, vile vya kusawazisha tairi za gari, kisiwani ni haba, maana magari yenyewe ni ya kuhesabu; vitafute Mokowe au Malindi, na uvichambue. Vyenye alama ya Fe ni chuma, vitaelea na utaviopoa. Vya Zn ni zinki, na hiyo ndiyo balaa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, zinki kwenye 420 hivi. Ukizidisha moto zinaingiana, na karai zima linakuwa uji mzito usiojaza kalibu.

Betri za gari usiziguse kabisa. Ni uyeyushaji wa betri uliowatia sumu watu wa Owino Uhuru, Mombasa, hadi mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Sufuria ya alumini iache jikoni, juu ya makaa makali inaweza kutoboka. Tafuta karai la chuma kizito na upawa wa chuma, na vikishaingia risasi visirudi tena kupikia. Kazi hii ni ya nje, nawe usimame upande upepo unakotoka, watoto na wajawazito wakiwa mbali.

Sasa maji. Tone likifunikwa na risasi ya moto hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya lile tone. Risasi hurushwa hadi usoni. Chubwi kuukuu iliyotoka baharini ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata baada ya kuanikwa juani. Ioshe kwa maji matamu, ianike, uipange karaini kabla hujawasha moto. Vipande vya kuongeza vikae kwanza ukingoni mwa jiko mpaka visishikike kwa mkono. Usimimine kwenye mchanga wa pwani wala kwenye tundu la jiwe la matumbawe, vyote hushika maji. Vaa miwani, glavu za ngozi na viatu vya kufunika. Ndara hapana.

Ikishayeyuka, tupia nta ya nyuki kiasi cha punje ya mahindi, ukoroge uso ukiwa mbali kwa sababu huwaka. Nta huirudisha sehemu ya risasi iliyokwisha kuungua; kinachobaki juu ni vumbi la kijivu. Liengue polepole, maana likipeperuka unalivuta pumzi. Litie kopo lenye kifuniko, usilifukie: maji tunayokunywa yako chini ya mchanga wa Shela. Uso wa risasi ukianza kupiga zambarau, punguza makaa.

Kalibu nzuri ni ya alumini, vipande viwili. Wengi huipaka mafuta, na hapo ndipo wanapokosea, kwa kuwa mafuta huacha makunyanzi. Ipitishe juu ya mshumaa hadi ishike masizi membamba. Nta kidogo iende kwenye bawaba tu. Weka kitanzi cha waya wa shaba, ipashe kalibu moto, kisha mimina kwa mkono mmoja usiokatika, ukiacha donge mdomoni. Risasi ikipoa hunywea, na hunywea kutoka kwenye hilo donge. Subiri mng'aro wa donge ufe, hesabu kumi, fungua. Kikonyo kikate kwa koleo.

Tatu au nne za mwanzo zitatoka na mikunjo kwa sababu kalibu bado baridi; zirudishe karaini. Zikitoka na weupe kama unga, kalibu imepata moto kupita kiasi. Mapezi ubavuni ni dalili kwamba vipande havikubana. Vitundu ni hewa iliyonaswa au, tena, unyevu.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara, na ile tabia ya kubana chubwi kwa meno iachwe.

Kuhusu uzito, kwangu gramu 200 zatosha maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu. Bamvua, yaani maji makuu, likivuta, zidisha maradufu. Fundi akikuchongea kalibu, ijaze maji kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, na kila mililita ihesabu gramu 11.3. Mililita 17.7 ni chubwi ya gramu 200. Ukishapima, iweke juu ya makaa ikauke hadi ndani ya bawaba.