Wisconsin 2012: je, vyama vya wafanyakazi huamua kura?

Dhana hii ni ya siku nyingi: nchini Marekani, chama cha wafanyakazi kikitoa neno, wanachama wote hupiga kura upande mmoja. Matokeo ya jimbo la Wisconsin yanaonyesha vingine.

Mwaka 2011 Gavana Scott Walker wa chama cha Republican alitia saini sheria iliyowanyang'anya watumishi wengi wa umma sehemu kubwa ya haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Polisi na wazima moto hawakuguswa, na walioajiriwa na kampuni binafsi sheria haikuwahusu. Vyama vilisaidia kukusanya saini zaidi ya 900,000 za kutaka gavana apigiwe kura ya kuondolewa kabla ya muda wake. Zilizohitajika ni kama 540,000. Nguvu hiyo si ya kubeza.

Lakini kukusanya saini ni kazi moja, kushinda ni nyingine. Kwenye mchujo wa chama cha Democrat wa kumpata mpinzani wa Walker, vyama vikubwa vilimuunga mkono Kathleen Falk, naye akabwagwa vibaya na Tom Barrett. Tarehe 5 Juni 2012 Walker akapata takriban asilimia 53 ya kura, akabaki madarakani. Waliohojiwa wakitoka vituoni walionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura wa kaya zenye mwanachama wa chama cha wafanyakazi walimchagua Walker. Wapiga kura wengi pia walisema kura ya kumwondoa kiongozi kabla ya muda imfae tu kiongozi aliyetenda kosa kazini.

Na fedha? Walker alikusanya takriban dola milioni 30, Barrett kama milioni 4.