Dawa ya Msaada ni Dawa: Kabla Hujafunga Boksi la Watoto

Kila likizo ndefu inapokaribia, maboksi huanza kuingia. Watanzania waishio Maskati, London na Houston, makanisa, misikiti, na wageni waliopanda Kilimanjaro wakaguswa na hali ya shule waliyoipita njiani, wote hukusanya walichonacho kwa ajili ya watoto: dawa za homa, maziwa ya kopo, mashine za oksijeni, vitabu, viatu. Na maboksi yakiingia, malalamiko nayo hayakawii. Mzigo umezuiwa. Mzigo umeteketezwa. Tumeleta bure, kibali cha nini?

Makala haya ni ya wanaotuma na ya wanaopokea, hasa walimu wakuu na waganga wafawidhi ambao husaini hati ya kupokea kabla ya kuisoma. Hatuna shaka na nia ya mtu yeyote. Lakini dawa anayopewa bure mtoto wa Simiyu hupimwa kwa kipimo kilekile cha dawa inayouzwa dukani. Hakuna ubora wa kulipia na ubora wa msaada. Shirika la Afya Duniani limelisisitiza hilo tangu mwongozo wake wa misaada ya dawa wa mwaka 1996, na toleo la 2010 halikulilegeza.

Chukua dawa ambayo kila mtu anadhani anaijua. Parasetamoli ya maji ya watoto iliyozoeleka katika zahanati zetu ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Chupa inayotoka Marekani ina miligramu 160 katika mililita hizohizo 5, na lebo yake haitaji parasetamoli kabisa. Imeandikwa acetaminophen, ambalo ni jina la Kimarekani la dawa ileile. Matone ya watoto wachanga yanayouzwa nchi za Ghuba mara nyingi yana miligramu 100 katika mililita 1 tu. Sasa weka chupa hizo tatu mezani kwa muuguzi, mbele yake mtoto wa kilo 10 mwenye homa, foleni imefika nje ya mlango. Mkono wake umezoea mililita 6. Kwa chupa ya kwanza atatoa miligramu 144, kipimo sahihi. Kwa ya pili 192, kimezidi. Kwa ya tatu 600, mara nne ya kinachotakiwa, kwa mkupuo mmoja. Dawa hii ikizidi huharibu ini. Mama naye, kwa kuwa acetaminophen hajapata kuisikia, akifika nyumbani anaongeza Panadol ya dukani, nayo ni parasetamoli ileile. Hapo hakuna dawa bandia, hakuna iliyokwisha muda, wala hakuna mtu mbaya. Kuna maboksi yaliyofungwa bila kuuliza.

Kwa hiyo orodha huanzia kwa mpokeaji. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kituo cha afya kinaandika mahitaji yake kwa jina halisi la dawa, si jina la kibiashara, kwa aina (kidonge, kidonge cha kuyeyusha, dawa ya maji), kwa nguvu yake na kwa idadi. Dawa ziwe kwenye Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Mganga mfawidhi anasaini, barua inapita kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Shule haipokei dawa kutoka kwa mtumaji. Tunalirudia hili kila mwaka na kila mwaka tunazikuta kabatini kwa mwalimu wa afya: shule inapata huduma kupitia zahanati iliyo karibu nayo, basi.

Mtumaji akishapata orodha, anajibu kwa ankara kifani (proforma) na orodha ya vifungashio inayoonyesha, kwa kila dawa, jina, nguvu, namba ya toleo (batch), tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kwisha muda, kiwanda, idadi na thamani. Thamani isiandikwe sifuri kwa sababu ni zawadi. Andika bei ya jumla. Ndipo mpokeaji anaomba kibali cha kuingiza nchini katika mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, KABLA mzigo haujapakiwa. Kibali kinachoombwa wakati kontena liko baharini ni chanzo cha nusu ya ugomvi wote. Zanzibar ina taasisi yake, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, kwa hiyo mzigo wa Unguja na Pemba ushughulikiwe huko.

Mzigo ukifika, mkaguzi analinganisha hati na boksi. Namba ya toleo iliyo kwenye karatasi isipokuwa ndiyo iliyo kwenye chupa, mzigo unasimama. Vidonge vilivyomiminwa kwenye mifuko ya plastiki, chupa zilizofunguliwa, dawa zilizorudishwa na wagonjwa huko zilikotoka na sampuli za bure za madaktari havipiti, hata idadi ikiwa ndogo kiasi gani. Lebo iwe ya Kiswahili au Kiingereza. Dawa ibakiwe na angalau mwaka 1 wa matumizi siku inapofika nchini, maana kutoka bandarini hadi ghala, ghala hadi wilaya, wilaya hadi zahanati, miezi hukatika. Dawa ya kikohozi yenye kodeini, dawa ya jamii ya afyuni, isitumwe kabisa katika mzigo wa watoto. Iko chini ya udhibiti maalumu, na Marekani yenyewe tangu 2017 imezuia kodeini kwa walio chini ya miaka 12.

Wapo wanaodhani masharti haya yalibuniwa kuwasumbua. Baada ya tetemeko la Armenia la 1988 zilipelekwa takriban tani 5,000 za dawa na vifaa. Watu 50 walikaa miezi 6 wakizichambua. Bosnia, kati ya 1992 na 1996, ilibakiwa na tani zinazokadiriwa 17,000 za dawa zisizofaa, za kuteketezwa kwa gharama. Ghala likijaa dawa zisizofaa, zinazofaa hukosa mahali pa kuwekwa.

Ukitaka kujua cha kutuma, mara nyingi jibu ni bidhaa ndogo, nyepesi na zisizovutia kwenye picha. Amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250 kwa nimonia: haihitaji friji, haihitaji chupa, na uzito wake si kitu mbele ya maboksi ya dawa za maji. Chumvichumvi za kuongeza maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki vya miligramu 20, siku 10 hadi 14 kwa mtoto anayeharisha (aliye chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10). Bora zaidi, tuma fedha, dawa zinunuliwe hapahapa kwa utaratibu wa kituo. Zitakuwa na lebo ambayo muuguzi anaijua.

Maziwa ya kopo ni suala jingine, nalo linatuumiza zaidi. Maziwa ya unga kwa mtoto mchanga yanahitaji maji safi yaliyochemshwa, chombo kilichochemshwa, kipimo sahihi, na kopo jingine hili likiisha. Mama akipewa makopo mawili ya msaada, akapunguza kunyonyesha, maziwa yake yanapungua; makopo yakiisha, mtoto hana kwa kurudi. Baada ya tetemeko la Yogyakarta, Indonesia, mwaka 2006, watoto wadogo waliopewa maziwa ya msaada waliugua kuhara kwa kiwango kilichozidi mara mbili ya wale ambao hawakupewa. Usitume maziwa ya kopo. Mtoto ambaye kweli hana wa kumnyonyesha anashughulikiwa na kituo cha afya na afisa ustawi wa jamii, mmoja mmoja, siyo kwa kontena.

Tena maziwa ni chakula, na tangu 2019 udhibiti wa chakula na vipodozi umehamia Shirika la Viwango Tanzania. Hapa ndipo kontena la mchanganyiko linapokwama. Dawa zina taasisi yake, maziwa na sabuni yake, viatu na nguo za mitumba nazo zina masharti yake, na nguo za ndani za mitumba haziruhusiwi kabisa. Hati moja ikikosekana kwa boksi moja, kontena zima linakaa, gharama za hifadhi ya bandari zinapanda kila siku. Dawa zisichanganywe na kitu kingine chochote. Na msamaha wa kodi ni jambo la Mamlaka ya Mapato. Kuupata hakumaanishi umepata kibali cha dawa, wala kibali cha dawa si msamaha wa kodi. Vitabu vya shule tutavipitia haraka: vinahitaji ithibati ya Kamishna wa Elimu, vya hadithi pia.

Mashine ya oksijeni iliyotumika Marekani imeundwa kwa umeme wa volti 120 na mzunguko wa hezi 60. Kwetu ni volti 230 na hezi 50. Watu hununua transfoma wakaona wamemaliza, lakini transfoma hubadili volti, haibadili hezi. Mota inazunguka polepole kuliko ilivyopangwa, kompresa inachemka, hewa inayotoka inapungua usafi, na taa ya kijani inaendelea kuwaka. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 82 mashine hiyo haifai kwa mtoto mwenye nimonia, na bila kifaa cha kupima usafi wa oksijeni inayotoka kwenye mashine hakuna atakayejua. Kabla ya kutuma mashine yoyote uliza: volti na hezi ngapi, vichujio vya kubadilisha vya miaka 2 viko wapi, kitabu cha matengenezo kipo, fundi wa vifaa tiba wa hospitali ya wilaya anaifahamu? Jibu likiwa hapana, usiitume.

Madaktari wa kujitolea wanaokuja na kambi za matibabu wanahitaji usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Wauguzi, Baraza la Uuguzi na Ukunga. Maombi yawasilishwe mapema, yakiwa na vyeti vya taaluma, leseni hai ya nchi atokayo na barua ya kituo kitakachompokea. Visa ya matembezi haimruhusu mtu kutibu. Mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa pili haongezewi mamlaka kwa kuvuka bahari. Anachokatazwa kumfanyia mtoto wa kwao, na hapa amekatazwa.

Msaada wa dawa ukifuata utaratibu huzaa matunda makubwa. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, tangu 2007 hutolewa bure na kampuni ya Merck ya Ujerumani kupitia Shirika la Afya Duniani, na wizara huipeleka hadi shuleni. Mtoto anasimama kwenye ubao wa kupimia urefu: sentimita 94 hadi 110 kidonge 1, 110 hadi 125 kimoja na nusu, na kuendelea. Anakula kwanza. Sharti hilo la chakula si mapambo. Mwaka 2008 huko Morogoro watoto walipata kichefuchefu na kizunguzungu baada ya kumeza dawa, wengine wakiwa na njaa, habari zikaenea kwamba watoto wanakufa, wazazi wakavamia shule. Dawa ilikuwa sahihi. Maelezo kwa wazazi na uji wa asubuhi ndivyo vilivyopungua.

Kuhusu hatua za kisheria, maana hapa uvumi ni mwingi. Mzigo usio na kibali huzuiwa. Mwenye mzigo hupewa nafasi ya kueleza na kuwasilisha hati. Akishindwa, mzigo hurudishwa ulikotoka au huteketezwa, na gharama ni zake, siyo za serikali, siyo za zahanati. Kuingiza, kuhifadhi au kugawa dawa kinyume cha sheria ni kosa la jinai. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, kwa uamuzi wa mahakama. Aliyegawa anawajibika sawa na aliyeleta, hata kama hakupokea senti. Kusema hukujua hakukuondolei kosa.

Kama wakati huu lipo boksi kabatini shuleni kwako, usiligawe na usilitupe. Usimimine dawa chooni wala usizichome kwenye shimo la taka. Moshi wake ni sumu na vidonge visivyoungua huokotwa na watoto. Andika orodha: jina, idadi, tarehe ya kwisha muda, nani alileta na lini. Funga boksi, liandike "ISITUMIKE", liweke mbali na jua na mikono ya watoto, kisha peleka orodha kwa mfamasia wa wilaya. Yeye ndiye atakayeamua lipi liende zahanati na lipi liingie kwenye utaratibu wa uteketezaji.