Zawadi ya Baba kwa Anayeanza Kushona: Acheni Shati, Shikeni Mistari Iliyonyooka

Kila mwaka baridi ya Juni inapoanza kuuma hapa Mbeya, huwapokea katika chumba changu cha kushonea wanafunzi wenye ombi moja: wanataka kumshonea baba shati kwa ajili ya Siku ya Akina Baba, ambayo huangukia Jumapili ya tatu ya mwezi huo. Wengi wao wamekaa kwenye cherehani wiki tatu au nne tu. Huwa ninawakatalia, na kwa kuwa maelezo yangu huwa yale yale, nimeona niyaandike.

Shati la kiume lina kola, mikono, vishikizo vya mikono, mfuko wa kifuani na safu ya vifungo, na kila kimoja kati ya hivyo ni somo la peke yake. Tai nayo humdanganya mwanafunzi kwa udogo wake. Kitambaa cha tai hukatwa kwa mshazari wa digrii 45 ili ikifungwa ilale vizuri, na ndani yake huwekwa kitambaa kingine cha kuipa mwili; mwanafunzi akiikata kwa kufuata uzi ulionyooka, tai hujisokota kifuani kama utambi. Zawadi inayomfaa anayeanza ni ile isiyohitaji vipimo vya mwili na ambayo mishono yake yote, au karibu yote, imenyooka. Kwa bahati nzuri, vitu vya namna hiyo ndivyo akina baba wengi hutumia kila siku.

Kabla ya kukata chochote, jueni kitambaa mlicho nacho. Chomoeni nyuzi chache pembeni mziwashe kwa kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kitambaa cha pamba kifuliwe na kupigwa pasi kwanza, kwa sababu hunywea, na zawadi iliyonywea baada ya kufuliwa mara ya kwanza haina mtetezi. Sindano namba 14 inatosha kwa kitenge na kaki nyepesi. Jinzi na turubai zinataka namba 16.

Zoezi la kwanza ni leso. Kateni mraba wa pamba nyepesi wa sentimita 43, kunjeni nusu sentimita kila upande, pigeni pasi, kisha kunjeni tena sentimita moja na mpige pasi kwa mara ya pili. Mkimaliza kushona mtabaki na leso ya sentimita 40. Ninasisitiza pasi kwa sababu wanaoanza huiona kama jambo la mwisho, la kupendezesha, wakati kwa kweli nusu ya kushona hufanyika juu ya meza ya pasi. Pindo lililokwisha kupigwa pasi hujishona lenyewe, karibu. Leso tatu za rangi tulivu, zikikunjwa vizuri, ni zawadi kamili kwa mzee yeyote.

Zawadi ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni mkoba wa kukunja wa vifaa. Baba yangu alikuwa seremala, na patasi zake alizifunga kwa kipande cha gunia ambacho kilishika unyevu na kuzitia kutu kila msimu wa mvua. Mkoba wa kwanza niliomshonea ulikuwa na mifuko yote ya upana mmoja, kwa sababu nilipenda unavyoonekana. Patasi ndogo zilichezacheza ndani yake na plaizi haikuingia kabisa. Alinishukuru, akaendelea na gunia lake.

Nguo nzuri ya kazi hii ni suruali ya jinzi ya mtumba, kubwa, yenye mguu usiobana chini. Mguu mmoja unatosha. Fumueni mshono mwepesi wa upande mmoja na muuache ule mnene, uliokunjwa na kushonwa mistari miwili, ubaki katikati; kisha kateni mstatili wenye upana wa sentimita 42 na urefu wa sentimita 75. Kingo zote nne pelekeni kwa fundi mwenye ovaloki, cherehani ya kufunga kingo zisifumuke, kazi ya dakika chache. Ninashauri hivyo kwa sababu jinzi ikikunjwa mara mbili kwenye pindo, na baadaye ikarudiwa kukunjwa kutengeneza mifuko, sindano itakutana na tabaka sita na itavunjika. Kingo zikishafungwa kwa ovaloki, kunjeni mara moja tu, sentimita moja na nusu, mkashone pande zote. Sasa mna kipande cha sentimita 39 kwa 72.

Kilazeni mezani, upande wa ndani ukitazama juu, geuzeni sehemu ya chini sentimita 18 juu yake, kisha mshone pande mbili za nje kwa kupita milimita tatu kutoka ukingoni. Hapo mna mfuko mmoja mrefu. Sehemu ya juu iliyobaki, sentimita 18 za mwisho, itakuwa mfuniko wa kuangukia vichwa vya vifaa ili visichomoke mkoba unapobebwa.

Kugawa mfuko huo ndiko kunakotaka akili. Upana wa kila nafasi ni upana wa kifaa, ukijumlisha unene wake, ukijumlisha sentimita moja. Plaizi yenye upana wa sentimita 5 na unene wa moja na nusu itataka nafasi ya saba na nusu. Patasi yenye upana wa mbili na unene wa moja itatosheka na nne. Chukueni vipimo hivyo kwa siri baba akiwa hayupo, na msikisie. Choreni mistari kwa chaki ya fundi, mshone kutoka chini kwenda juu, na mkifika mdomo wa mfuko mrudi nyuma mishono mitatu au minne, kwa kuwa hapo ndipo kifaa hupavuta kila kinapotolewa. Ule mshono mnene wa katikati msishone juu yake. Piteni kando yake, nao utakuwa mpaka kati ya nafasi mbili. Penye tabaka nyingi, ondoeni mguu kwenye kikanyagio na mzungushe gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Mafundi wa zamani hupiga sehemu hiyo kwa nyundo kwanza ili ilale, na si utani.

Patasi zina makali, kwa hiyo kabla ya kugeuza sehemu ya chini shoneni ukanda wa ngozi ya kiatu kikuukuu pale zitakaposimama ncha. Kamba ya kufungia iwe na urefu wa sentimita 70 hivi. Ikunjeni katikati na kuishona ubavuni, upande wa nje, kwenye kimo cha nusu ya kifaa. Kwa wanaoishi Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa kubahatisha, sugueni nta ya nyuki upande wa nje, kisha mpitishe pasi ya moto juu ya karatasi mpaka nta inywewe. Kwa mzee asiye fundi, mkoba huo huo hubeba visu vya jikoni au mkasi wa kupogolea kahawa.

Eproni ya baba anayechoma mishikaki ni rahisi zaidi. Kaki ya sentimita 70 kwa 85 inatosha. Watu hukwama kwenye mkato wa kwapa kwa sababu pindo la mviringo hujikunja. Mimi huwaambia wakate mstari ulionyooka wa mshazari, kutoka alama iliyo kwenye ukingo wa juu, sentimita 22 kutoka kona, mpaka alama iliyo sentimita 25 chini ubavuni. Msitumie poliesta karibu na mkaa.

Aliyekwisha kushona hayo anaweza kujaribu suruali ya kulalia ya flana, hasa kama mzee anaishi Njombe au Makambako. Chukueni suruali yake kuukuu ya kulalia, ikunjeni katikati, mfuate umbo lake kwa chaki huku mkiongeza sentimita moja na nusu kila upande na nne kiunoni kwa ajili ya lastiki. Shoneni kila mguu peke yake, mgeuze mmoja, muuingize ndani ya mwingine ili pande za nje zigusane, kisha mshone ule mshono wa katikati, wa msambani, mara mbili, kwa sababu ndio huachia mtu anapokaa. Lastiki ikatwe fupi kuliko kiuno kwa sentimita tano au sita. Na suruali ile ya kuigia irudisheni kwenye kamba ya nguo kabla hajaanza kuitafuta.