Najisikia mzima: niache dawa za ugonjwa wa akili?

Nina sonona, ile huzuni nzito isiyoisha. Nimemeza dawa siku kumi na sioni tofauti. Hazinifai?

Ni mapema mno kusema hivyo. Kwa kawaida dawa za sonona huanza kuleta nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, ilhali maudhi madogo kama kichefuchefu hutangulia. Ndiyo maana wengi huziacha wiki ya kwanza, wakidhani zinawatesa bure. Maudhi yakizidi, mwambie daktari. Kuna dozi na dawa nyingine. Ila ukijiwa na mawazo ya kujiua usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie mtu na utafute msaada saa hiyohiyo.

Sasa nalala, nakula, nacheka. Vidonge vya nini tena?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na inaniuma kila mara. Uzima huo mara nyingi unashikiliwa na dawa zenyewe. Kwa sonona, huendelea kutumika walau miezi 6 baada ya dalili kuisha. Aliyepata saikosisi (kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo) kwa mara ya kwanza hushauriwa walau miezi 12, na wapo wanaozihitaji kwa miaka. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi, hata hisia kama shoti ya umeme kichwani, na ugonjwa unaweza kurudi. Umezichoka? Sema waziwazi kliniki, mpange kuzipunguza kidogo kidogo. Kama tatizo ni kusahau, uliza kuhusu sindano. Baadhi ya dawa za saikosisi huchomwa mara moja kwa mwezi.

Nitajuaje kwamba ugonjwa unarudi?

Chunguza usingizi kwanza. Mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anayelala kwa muda wa saa 3 tu usiku kucha na kuamka na nguvu tele asifurahie. Huenda ni mania, yaani kile kipindi cha kupanda, inabisha hodi. Mwingine huacha kuoga, huwakwepa watu au huanza kuwashuku. Ziandike dalili zako ukiwa mzima, pamoja na mtu unayemwamini, na mkubaliane atampigia nani simu. Mara nyingi yeye ataziona kabla yako.

Mdogo wangu katoka hospitali. Tumsaidieje?

Punguzeni lawama. Nyumba yenye makaripio ya kila siku huongeza uwezekano wa kuugua tena. Mrudishieni majukumu taratibu, msimfanye mgeni kwao. Wala msingoje dalili zote ziishe: wapo ambao bado husikia sauti mara mojamoja, na wanafanya kazi na kulea watoto.